Kinyozi Asiyejua Kuogelea

Andika kama nisemavyo, wala usiyatie sukari maneno yangu. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa yu hai na huenda akasomewa haya. Na ukoo wake ni wa wenyewe, si wangu wa kuugawa. Hapa mtaani kwetu Ngamiani huitwa Kinyozi. Vinyozi wengine wapo, wenye mashine za umeme na vioo vya ukuta mzima, lakini ukisema Kinyozi bila kuongeza neno, hata mtoto atakupeleka kwake. Nyumba yake na yangu zimepakana. Baraza ni moja, imegawanywa kwa nguzo tu. Kwa hiyo mengi nitakayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, na machache nimeyasikia kupitia ukutani, jambo ambalo si kosa langu bali la fundi aliyeujenga.

Sikupata kumfikiri kwa makini mpaka mwaka huu, juma la Idi, binti yake aliponijia. Binti huyo ameolewa Chumbageni, ana heshima zake, na si mtu wa kulia ovyo. Aliniamkia mara mbili, na shikamoo ya pili ilikuwa na machozi ndani yake.

"Marahaba. Kaa kitako. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu, Bibi. Lakini baba atafariki asipokatazwa. Mkataze kwenda baharini."

"Wewe ndiye mwanawe. Mkataze wewe."

"Mimi nikimkataza hunipa samaki. Mume wangu akimkataza, humkalisha kitini akamnyoa. Katika mtaa huu mzima anakuogopa wewe peke yako."

Siku mbili kabla ya hapo, maji yalikuwa yamemzingira Kinyozi juu ya mwamba anaovulia, na lau si watu kumtoa, tungekuwa tumeshasoma hitima. Nilimwona binti ana haki. Nikamwahidi kwamba nitamkataza baba yake, na ahadi nikishaitoa siirudishi. Lakini sikwenda siku ile wala ya pili yake. Kumkataza mtu jambo kwataka kulijua vyema jambo lenyewe, nami nilijikuta kwa siku kadhaa nimekaa barazani nikimkusanya jirani yangu kichwani, kipande hiki na kipande kile, kama anayetafuta mahali pa kuanzia kukata.

Kinyozi huvua kwa mshipi wa mkono. Hana chombo, hana wavu, hana dema la kutegea, na hataki kuwa navyo. Siku za maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haikauki sana, hutandika mkeka upande wake wa nguzo, akazipanga zana zake kama mtu apangaye vyombo vya harusi. Mishipi ni mitatu, ya nailoni: mwembamba kwa chaa na tasi, wa kadiri kwa changu, na mnene kwa kolekole, samaki ambaye akishika huvuta kama ng'ombe aliyekata kamba. Kila mmoja ameuzungusha kwenye kibao cha mkoko alichokichonga mwenyewe. Vijana huzungusha mishipi yao kwenye chupa tupu za maji, na jambo hilo humuudhi kama anavyoudhika kumwona mtu aliyenyolewa kisogo upande.

Kabla ya kutoka, huupitisha mshipi wote katikati ya midomo yake, pima baada ya pima, kwa kuwa mdomo, kwa maneno yake, huona mkwaruzo ambao jicho halioni. Akiukuta mkwaruzo, hata mdogo namna gani, huukata palepale kwa wembe na kufunga upya. Ana wembe wa watu na wembe wa samaki, na nyembe hizo hazijapata kuchanganyika. Nimemchunguza sana katika hilo.

Ndoana huzitaja kwa namba. Mimi namba zake sizijui, wala sikupelekwa mahali pa kufundishwa namba. Mimi huzitambua kwa kucha. Yenye ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho ni ya chaa, na yenye ukubwa wa kucha ya gumba ni ya kolekole. Nilipomweleza hivyo alicheka mpaka akakohoa. Lakini tangu siku ile nimemsikia kwa masikio yangu akimwagiza mwenye duka: "Nipe kumi za gumba."

Chubwi, yaani zile risasi za kuuzamisha mshipi, huziyeyusha mwenyewe kutokana na vipande vinavyotupwa na mafundi wa magurudumu, kisha akazimimina katika mchanga uliolowa. Nilimkataza kuifanya kazi hiyo barazani tangu cheche ilipoutoboa mkeka wangu, naye alitii. Yaani huifanya nikiwa nimekwenda sokoni.

Mkwewe, huyo wa Chumbageni, alimletea kutoka Dar es Salaam fimbo ya kuvulia, nyeusi, inayong'aa, yenye gurudumu lake la kuvutia mshipi. Kinyozi alishukuru kwa maneno mengi, akaipeleka baharini siku moja. Aliporudi nilimwuliza imekuwaje.

"Bi Mkubwa, fimbo ile inavua yenyewe. Mimi nilikuwa naishikia tu."

Kesho yake niliiona uani kwake, imeinua kamba ya nguo. Mkwewe akija kutembea, nguo huanuliwa kwa haraka na fimbo hupakwa mafuta. Sababu ya kuikataa alinieleza baadaye, akiwa amenyoosha kidole chake cha shahada. Mshipi, alisema, lazima upite hapa, juu ya ngozi. Kidole hiki kimezoea kusikia unywele mmoja uliobaki shavuni mwa mtu. Hakiwezi kushindwa kusikia mdomo wa samaki. Akiiweka fimbo katikati, ni sawa na kumnyoa mtu akiwa amevaa glavu.

Chambo chake ni ngisi, na akikosa ngisi ni kamba, na akikosa kamba ni kaa wadogo wa pwani. Hukihifadhi katika makopo ya poda ya dukani kwake, na kwa sababu hiyo Kinyozi ana harufu yake peke yake, ya poda na ngisi, ambayo humtangulia mtaani kama mpiga mbiu. Siku ya saba ya mjukuu wangu wa kwanza aliitwa kuja kumnyoa mtoto, kama alivyowanyoa wanangu wote. Wageni wamekaa, chetezo kinafuka ubani, mtoto yu mapajani mwangu. Kinyozi akaingia, akainama, na mtoto akapiga chafya.

"Kinyozi, umekuja kumnyoa mtoto au kumtega?"

"Nimenawa, Bi Mkubwa."

"Kanawe tena. Kwa ndimu."

Alinawa mara tatu, wageni wakisubiri, na kila aliporudi nilimnusa mikono mbele za watu na kumrudisha. Mara ya nne nikampa ruhusa. Nami niseme haki: wembe wake ulipita juu ya utosi ule laini mtoto asitikisike hata ukope, na alipomaliza tulimkuta mtoto amelala.

Kwa kuwa kila aendapo hurudi na kitu, palizuka maneno. Watu wa kwetu hawapendi nywele zao zibaki ovyo, kwani nywele mkononi mwa asiyekutakia mema ni hatari; na kinyozi ndiye anayebaki na nywele za mtaa mzima. Ikasemwa kwamba zetu anazifunga kwenye ndoana. Bwana mmoja, muuza mbao, alikwenda dukani, akaketi kuoshwa shingo, akamkabili.

"Nasikia unavua kwa nywele zangu."

Kinyozi akamtazama kichwani kwa muda, na watu wote dukani wakamtazama, kwa kuwa bwana yule alikuwa na upara toka paji la uso hadi kisogoni.

"Zako, Bwana, hazitoshi hata dagaa mmoja," akasema. "Na kama nywele zingevua samaki, vinyozi wote wa Tanga tungekuwa matajiri, wala nisingekuwa nimesimama hapa nakuosha shingo."

Watu walicheka, na maneno yakafa. Lakini mimi najua lisilojulikana na wengi: kila jioni hufagia nywele zote, za tajiri na za mchukuzi, akazifukia nyuma ya nyumba katika shimo alilolichimba kwa kazi hiyo, na hufukia kwa mkono wake. Husema nywele za watu ni amana. Mtu anayeitunza amana asiyodaiwa na yeyote, mimi humpa heshima, ijapokuwa mbele yake sijapata kusema hivyo.

Si kwamba ni mwema wakati wote. Maji yakiwa mazuri, duka halina thamani kwake. Karani mmoja aliketi kunyolewa akiwa na safari ya kikazi; Kinyozi akamnyoa upande wa kulia, akachungulia nje, akamtazama mpita njia aliyelowa miguu, akamwuliza kitu. Kisha akakunja taulo.

"Nakuja sasa hivi," akamwambia karani.

Karani alisubiri mpaka adhuhuri, nusu ana ndevu nusu hana, akija kwangu kila baada ya muda kuuliza sasa hivi ya mtu huyu ina urefu gani. Mwishowe alifunga kitambaa usoni kama mwenye jino bovu, akaenda zake safari. Kinyozi aliporudi na changu watano nilimgombeza kwa maneno ambayo sitaki uyaandike. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba ndevu za karani zingekuwapo kesho, lakini changu wale wasingekuwapo. Tazama mtu huyo! Lakini karani aliporudi safarini alikwenda kwake kumaliziwa, wala si kwa mwingine, na wakawa marafiki.

Dukani ana maneno kama kasuku. Atakueleza habari za bei ya karafuu, za ndoa iliyovunjika Pangani, za dawa ya mba. Baharini hasemi. Marehemu mume wangu alipata kufuatana naye mara moja, akarudi amenuna. "Nimekaa na jiwe juu ya jiwe," aliniambia. Nilimwuliza Kinyozi kwa nini alimtendea mwenzake hivyo, akajibu kwamba mdomo wake huuacha dukani, huufungia pamoja na mikasi. Na akiwa anatoka asubuhi usimwulize atarudi na nini, hukasirika. Mwulize atarudi saa ngapi, atakujibu kwa adabu, na kwa miaka mingi alirudi saa aliyoisema.

Samaki wenyewe hali. Hilo liliwashangaza wengi. Chakula chake ni kunde za nazi na wali, na akialikwa penye samaki huchota mchuzi tu, kwa heshima ya mpishi. Anachokivua hukigawa, na namna yake ya kugawa ni kumtunga samaki kwa ukindu na kumtundika kwenye komeo la mlango, kisha akaondoka bila kubisha hodi. Mume wangu alipofariki nikakaa eda miezi minne na siku kumi. Kila siku ya kuvua, nilimkuta samaki mlango wa uani, ameshaparwa magamba, ameshatolewa matumbo, ili mtu aliye katika hali yangu asihangaike na kisu. Eda ilipokwisha nilimwita kwenye nguzo nikamshukuru.

"Samaki gani, Bi Mkubwa?" akasema. "Labda paka."

"Paka aliyempara?"

"Paka wa mtaa huu wana mafunzo."

Sikumshukuru tena. Nilimpikia kunde.

Ana mambo mengine yanayompendeza, na katika hayo utamwona mtu tofauti kabisa. Mwambani huweza kukaa tangu asubuhi hadi alasiri kwa ajili ya samaki mmoja, lakini kwenye bao hana subira hata ya kumeza mate. Hucheza kwa kelele, huzitupa kete kama mtu apandaye mbegu akifukuzwa, na akishindwa husema kwamba meza imeinama. Nimewaona wazee wenziwe wakikagua meza kwa bakuli la maji ili kumthibitishia kwamba haikuinama. Akasema bakuli ndilo lililopinda.

Baiskeli yake huipaka mafuta ya nywele, nayo yang'aa kuliko vichwa vya wateja wake. Zamani aliiendesha hadi Kigombe kutafuta ngisi kwa wavuvi wa kule, akarudi jioni na ngisi watatu na habari za watu thelathini. Na uani hupanda mrehani na mawaridi katika makopo ya rangi. Huyamwagia maji aliyooshea samaki, na sijaona waridi lililonona kama hayo. Msichana wa mtaa akiolewa, maua ya siku ile hutoka kwa Kinyozi, naye huyakata kwa mkasi wa dukani, akiinamisha kichwa huku na huku kana kwamba amnyoa mtu.

Sasa nifike kwenye lile linalotisha. Kinyozi hajui kuogelea. Mwanaume wa pwani, aliyevua maisha yake yote, maji yakifika kifuani ni kama gunia la chokaa. Nililijua hili siku nilipomwuliza kwa nini hashuki mwambani akaoga kama wengine wakati wa joto.

"Sijui kuogelea, Bi Mkubwa."

"Na unakwenda baharini?"

"Anayejua kuogelea huingia majini. Mimi sina haja ya kuingia. Wao ndio wanaotoka."

Kinga yake ilikuwa moja tu, nayo ni kuyajua maji. Mwamba anaovulia uko kusini ya mji, na hufikiwa kwa shingo ya mawe iliyo wazi maji yakitoka, na kufunikwa yakijaa. Ili kujua saa ya kushuka, Kinyozi huhesabu mwezi. Watu wa pwani tunajua kwamba tarehe ya mwezi, tuseme mwezi mosi au mwezi tano, ikijulikana, saa ya maji inajulikana, na kwamba kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana yake. Yeye alikadiria kuchelewa huko kwa kazi yake: muda wa kunyoa vichwa viwili vya watu wasio na haraka. Miaka yote hiyo hesabu haikumtupa, kwa kuwa hakupata kungoja mpaka dakika yake ya mwisho.

Mwezi huohuo ndio uliotutenganisha mimi na yeye. Nyumba yangu hufunga na kufungua kwa mwezi ulioonekana hapa kwetu. Nyumba yake, kwa miaka kumi na moja sasa, hufuata mwezi ulioonekana popote duniani. Wenye elimu wana dalili zao pande zote mbili, nami si mwanachuoni. Lakini ni jambo zito kukaa kwenye baraza moja, wewe umefunga, na mwenzako upande wa pili wa nguzo amevaa kanzu mpya anatafuna tambi. Mwaka huu alileta sahani ya pilau.

"Idi njema, Bi Mkubwa."

"Idi ya nani? Mimi nimefunga."

"Basi ifunike, uile kesho."

Niliifunika, nikaila kesho yake, na ilikuwa nzuri. Lakini maneno tuliyoyasema katikati hayakuwa mazuri. Nilimwambia amekula Idi kabla ya siku yake. Akaniambia mimi nangoja mwezi kama angojaye barua iliyokwisha kusomwa. Tukanyamaziana.

Siku ya tatu ya mfunguo mosi, yaani mwezi wa Idi, kwa hesabu yangu, ambayo ilikuwa ya nne kwa hesabu yake, Kinyozi alikwenda mwambani. Maji yalikuwa bado ya bamvua, yale makubwa yanayokuja kwa haraka. Kolekole walikuwa wanashika. Aliangalia jua, akahesabu, akaona kwamba bado ana muda wa vichwa viwili. Hakuwa nao. Alipogeuka, shingo ya mawe haikuwapo.

Alisimama juu ya mwamba ule maji yakimpanda, kwanza nyayo, kisha miundi, kisha magoti. Waliomwona ni kina mama wakulima wa mwani waliokuwa wakirudi na mtumbwi uliojaa magunia. Walimkalisha juu ya mwani mbichi, ameshika kibao cha mshipi kwa mikono miwili, wakamrudisha pwani wakimwimbia nyimbo za bwana harusi. Watu walipomwuliza imekuwaje, alisema neno moja: "Maji yaliharakisha." Nilijua, naye alijua kwamba najua, kwamba maji hayaharakishi.

Hayo yote niliyakusanya, kisha nikasubiri bamvua ya pili, mbalamwezi, kwa sababu nilijua atakwenda tena. Nilimwona akitoa baiskeli. Nikampa muda, kisha nikavaa baibui, nikachukua bajaji. Kijana wa bajaji aliniuliza kama bibi yake anakwenda kuoga. Nikamwambia atazame barabara.

Nilidhani nitamkuta juu ya mwamba. Nilimkuta ufukweni, ameketi juu ya jiwe kavu, mishipi haijafunguliwa. Mbele yake alikuwa amechomeka kijiti mchangani, ukingoni mwa maji, naye anakitazama kama mgonjwa atazamaye chupa ya dawa. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Shingo iko wazi. Mbona hujapanda?"

"Nataka kwanza nijue maji yanakwenda au yanarudi."

"Wewe? Hujui?"

Nikaketi kwenye jiwe lake, kwa kuwa magoti yangu si ya kusimama mchangani, na yeye akabaki wima kama mtoto aliyeitwa mbele ya mwalimu.

"Binti yako alinijia," nikasema.

"Najua. Umekuja kunikataza."

"Nimekuja kukukataza. Kama una neno, liseme kabla sijasema langu, kwa sababu langu nikilisema halirudi."

Alitazama kijiti. Maji yalikuwa yamekifikia, yakakizunguka.

"Miguu yangu ni mizima," akasema. "Macho yangu ni mazima. Nikikaa nyumbani, Bi Mkubwa, nitawanyoa watu mpaka nife, na nitakufa mapema. Siku ile sikuteleza. Sikusinzia. Iliyokosea ni hesabu."

"Hesabu ipi?"

"Hesabu tu."

"Kinyozi. Hesabu ipi?"

Mtu huyu hajapata kukubali kwamba ameshindwa hata bao la kete za watoto. Akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Maji yalikuwa ya mwezi tatu," akasema. "Mimi nilihesabu mwezi nne. Nilianza siku moja mbele." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Hesabu yako ndiyo iliyokuwa sawa."

Miaka kumi na moja nililingoja neno hilo. Nilikuwa nimekwisha kulitayarishia majibu, makali na mengi, na mengine niliyafanyia mazoezi jikoni. Nikatafuta moja, nisilipate. Nilimwona mtu mzima amesimama mchangani na viatu mkononi, ametoa kitu alichokishikilia kuliko duka lake, ili tu aachiwe apande jiwe. Sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi.

"Funga mizigo yako," nikamwambia. "Leo hupandi, maji yanarudi."

Akafunga. Alidhani hukumu imekwisha, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza udongo ukishuka kaburini.

"Na kuanzia leo," nikasema, "umekatazwa kuhesabu. Mimi sikusoma, lakini nimehesabu mwezi kwa mimba saba, na kwa eda, na kwa mifungo yote ya maisha yangu, na haujanipotea. Siku ya kuvua utakuja kwenye nguzo, utaniuliza. Nikikwambia nenda, utakwenda. Nikikwambia urudi kabla ya adhana fulani, utarudi kabla ya adhana hiyo, hata kama kolekole wanakuita kwa jina lako."

Akaitupia mishipi yake begani.

"Na mfungo ujao?"

"Mfungo ni wako na Mola wako. Mimi nasema maji."

Binti alikuja siku ya pili, na zawadi ya vitumbua, akiwa na hakika.

"Umemkataza, Bibi?"

"Nimemkataza."

"Ameacha kuvua?"

"Ameacha kuhesabu."

Nilimweleza yote. Alikasirika kwa muda wa kitumbua kimoja, kisha akacheka na kujifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaniuliza mara tatu kama kweli baba yake amelisema lile neno kwa mdomo wake. Nikamwambia kwa mdomo wake mwenyewe.

Basi sasa, siku za kuvua, kabla jua halijafika kwenye baraza, Kinyozi huja hadi kwenye nguzo na mishipi yake begani. Hutazama huku na huku kama kuna mtu njiani. Huinama. Huniuliza kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu anayeomba sumu: "Bi Mkubwa, leo mwezi ngapi?"

Nami humjibu kwa sauti kubwa, mtaa mzima usikie.